Jogoo wangu katolewa kwenye maonyesho ya kaunti. Jaji aliona nini?

Mama Faidha (Dayton, Ohio) aliandika:

Assalaam aleikum wanajukwaa. Naomba wenye ujuzi wa kuku wa maonyesho wanisaidie, maana nimerudi nyumbani na hasira zangu na mwanangu kalala bila kula.

Mwaka jana mwezi wa nne tulinunua vifaranga sita wa Plymouth Rock wa mistari, wale weusi kwa weupe, kwenye duka la vyakula vya mifugo. Mwanangu ana miaka 11, yuko kwenye kikundi cha 4-H, chama cha vijana cha mambo ya kilimo na ufugaji, kawalea mwenyewe tangu wakiwa kwenye boksi chini ya taa. Jogoo mmoja, matetea watano. Wanataga vizuri mno, siku nyingine naokota mayai matano kwa matetea watano. Jogoo anang'aa, ana afya, sauti yake inafika mpaka kwa jirani. (Jirani naye kashakuja mara mbili kulalamika, lakini hilo ni la siku nyingine.)

Juzi tukampeleka jogoo na tetea mmoja kwenye maonyesho ya kaunti. Jaji mzee, koti jeupe. Alimtoa jogoo kizimbani, akampindua, akafungua bawa, akapuliza manyoya ya mgongoni kama mtu anayepooza chai, akapapasa upanga wa kichwani, akamrudisha. Dakika mbili hazikutimia. Kwenye kadi kaandika kwamba upanga una jino la pembeni, haruhusiwi kushindana. Tetea kawa wa tatu kati ya watatu: umbo la kuku wa mayai, mistari imefifia.

Maswali yangu. Hivi jaji anaona nini kwa muda ule mfupi? Na je, nimzalishe huyu jogoo na tetea wangu mzuri kuliko wote ili mwakani tupate watoto bora? Halafu kuna mama mmoja wa pale aliniambia, ukitaka majogoo wa kushinda uwe na kundi lao, ukitaka matetea wa kushinda uwe na kundi jingine. Kuku wa aina moja, makundi mawili? Nikadhani ananitania, au anataka kuniuzia.

Kaka Mshikaki aliandika:

Dada pole. Ila jogoo aliyetolewa mashindanoni tiba yake inajulikana: nazi mbili, ndimu, na wali pembeni. Jaji wa hapo ni mimi.

Mzee Kilindini aliandika:

Marahaba, binti yangu, hata kama hukuniamkia. Huyo Mshikaki mwache, hajawahi kuamka saa tisa usiku kukausha kuku kwa mashine ya nywele.

Mimi mtu wa Mombasa, nilikuwa karani wa kuhesabu mizigo bandarini kabla sijaja huku. Kuku hawa wa mistari niko nao tangu 2009, nje kidogo ya Columbus, na kila msimu najitolea kumwandikia jaji kwenye maonyesho mawili matatu. Kazi ni ileile ya bandarini: mtu anapita anataja, wewe unaandika, ukikosea mstari mmoja watu wawili wanakutukana. Nitakalokueleza ni lile ninaloliona nikiwa nimesimama nyuma ya bega la jaji.

Jaji hakuanza kumtazama jogoo wako alipomshika. Alianza akiwa vizimba vitatu nyuma. Wanaojua kazi hupita mstari mzima mikono ikiwa mgongoni, bila kugusa kitu, kwa sababu kuku akishikwa anajikunyata na umbo linapotea. Kinachotafutwa kwanza ni mwili. Plymouth Rock awe na mgongo mpana, mrefu, kifua kimejaa, kiwiliwili kizito. Kitabu cha viwango cha American Poultry Association kinamtaka jogoo wa ratili tisa na nusu, yaani kama kilo 4.3, na koo, yaani tetea aliyekomaa, wa ratili saba na nusu, kilo 3.4. Mpime wako. Nabahatisha tetea wako hafiki hata kilo tatu.

Na si kosa lake. Kuku wa dukani mababu zake walichaguliwa kwa yai, si kwa umbo. Umesema mayai matano kwa matetea watano: basi kafanya kazi aliyozaliwa nayo. Tetea wangu bora wa maonyesho hunipa mayai matatu kwa wiki akiwa na furaha, na furaha hana mara nyingi.

Upanga sasa. Aina hii ina upanga mmoja wa wima wenye meno matano. Jino lolote linalochipuka ubavuni, hata likiwa dogo kama punje ya mtama, kuku yuko nje. Hakuna kusamehewa, maana kitu hicho hurithiwa. Usikitafute kwa macho. Shika upanga baina ya kidole gumba na cha shahada uteleze taratibu kutoka puani kwenda kisogoni, pande zote mbili. Mimi la kwangu la kwanza nilikaa nalo bandani miezi saba sikuliona, jaji kalipata huku anazungumza na mtu mwingine. Na usijaribu kulikata. Wapo wanaokata, kovu linaonekana, na akigundulika ameaibika mwenye kuku, si kuku.

Kupuliza manyoya je? Hapo ndipo penye utamu. Leo jioni mshike tetea wako, umweke mapajani, ufunue manyoya ya mgongoni katikati mpaka uone ngozi. Tazama unyoya mmoja. Wa maonyesho utakuwa na mstari mweusi, mweupe, mweusi, mweupe, upana sawa, umenyooka kama uliopigwa rula, na unashuka hivyohivyo mpaka kwenye sufi ya chini kabisa iliyogusa ngozi. Ncha ya unyoya imalizikie kwa weusi mwembamba. Ncha hizo zikijipanga, ukimtazama kuku kwa mbali unaona pete zinazomzunguka mwili mzima. Wako, nina hakika, mistari imepinda kama mwezi mwandamo, kingo zimevujiana kama wino kwenye karatasi mbichi, na ukifika chini ni kijivu tu.

Sababu mojawapo ni kasi ya kuota manyoya. Hawa wa maonyesho huota polepole, na unyoya usio na haraka mistari yake hukatika safi. Ubaya wake ni kwamba vifaranga hukaa migongo wazi wiki nyingi. Mwaka wa kwanza mke wangu aliwaonea haya, akauliza kama niliuziwa wagonjwa.

Bawa alilofungua alikuwa anahesabu manyoya marefu ya mbele, kumi kwa kawaida, kuona kama pana pengo katikati. Akaangalia pia chini ya bawa kama pana chawa. Miguuni anatafuta kinyoya baina ya vidole, kwa kuku ambaye miguu yake yapasa kuwa mitupu. Unyoya mwekundu au wa njano mahali popote, nje.

Sasa swali lako la pili na la tatu, ambayo kwangu mimi ni swali moja.

Mwaka 2011 nilikuwa na jogoo aliyeshika nafasi ya kwanza kwa rangi yake, na tetea aliyekuwa wa pili, kwenye maonyesho madogo ya mji wa jirani. Nikafanya ulichotaka kufanya wewe: bora kwa bora. Nikatotolesha vifaranga 43. Nikanunua vizimba vipya kabisa. Kufika mwezi wa kumi, mapora, yaani majogoo wachanga, wote weupeweupe, rangi imechuja kama kanga ya miaka kumi. Matembe, yaani majike wachanga, ndio kinyume: weusi kama waliolala kwenye dari ya jiko la kuni. Katika 43 hakuna hata mmoja wa kumtoa nje ya uzio. Nilimpigia simu mzee wa Kimarekani aliyeniuzia jogoo, akacheka mpaka akakohoa, akaniuliza tetea nilimtoa wapi. Nikamwambia, kwa mtu mwingine. Akacheka tena.

Maana yake ni hii. Kinachochora mistari kinakaa kwenye kromosomu ya jinsia, na kwa ndege mambo ni kinyume cha sisi: dume ndiye mwenye mbili zinazofanana, jike ana moja tu ya namna hiyo. Kwa hiyo jogoo anapata dozi mbili za mistari, weupe unapanuka. Tetea anapata dozi moja, weusi unatawala. Ndivyo walivyoumbwa. Hata akiwa kifaranga wa siku moja unaweza kubahatisha: doa jeupe la kichwani kwa dume ni kubwa na limetawanyika, kwa jike ni dogo na miguu ina weusi zaidi. Lakini kitabu kinataka jogoo na tetea wakiwekwa vizimba jirani wafanane kama sahani za seti moja.

Unafanyaje? Unaweka makundi mawili, kama alivyokwambia yule mama. Kundi la mapora: jogoo wa rangi ya kitabuni, na matetea weusi kupita kiasi ambao hutawapeleka popote, kazi yao ni kumtia mwana wao wa kiume weusi. Kundi la matembe: matetea wa rangi ya kitabuni, na jogoo mweupeweupe ambaye jaji hatamwona maishani mwake. Jogoo wangu yule alitoka kundi la kwanza, tetea kundi la pili. Nilichanganya damu mbili zilizotenganishwa kwa makusudi, watoto wakarudi kwenye maumbile: dume mweupe, jike mweusi.

Si jambo jipya. Kuku huyu alionyeshwa Worcester, Massachusetts, mwaka 1869, akaingizwa kitabuni 1874, na mwanzoni mwa karne ya 20 E. B. Thompson wa Amenia, New York, alikuwa keshajipatia jina kwa kuku wake wa mistari wa makundi mawili.

Kwa hiyo jogoo huyo usimzalishe. Mpende tu.

Mama Faidha aliandika:

Shikamoo mzee wangu, nisamehe, hasira ilinipotezea adabu.

Natoka bandani sasa hivi na tochi. Lipo. Upande wa kushoto, karibu na jino la nne, kama kichwa cha pini. Mwanangu kalishika kabla yangu, akasema "kumbe ni hili tu?" Tumempima tetea kwa kupanda naye mizani ya bafuni: kilo 2.6. Na manyoya chini ni kijivu kama ulivyosema, mpaka nimeona aibu kana kwamba ulikuja kuchungulia.

Mwakani anataka kushindana tena. Nianzie wapi, na kuku wanaoshwaje? Yule jaji alisema pia tetea ni mchafu miguu, na mimi nilimfuta kwa kitambaa.

Mpwani wa Leicester aliandika:

Mzee Kilindini heshima yako, lakini mbona unamtupa mtoto wa miaka 11 kwenye kilindi? Huku Uingereza nimefuga Wyandotte wa rangi ya kware, na wao ni habari ileile: jogoo anatakiwa kifua cheusi tii, tetea anatakiwa michoro myembamba kama ya kalamu ndani ya kila unyoya, na kundi moja halikupi vyote. Nilikaa nao miaka sita. Mabanda mawili, chakula mara mbili, na nusu ya kuku unaowalisha ni wa kuficha mgeni akija. Nikawaacha. Sasa nina Light Sussex, mweupe mwenye shingo ya mistari myeusi. Jogoo na tetea wanatoka kundi moja, na mtoto anaelewa anachokifanya.

Mimi nadhani haya mambo ya makundi mawili ni kiburi cha wazee wa zamani. Hapa vita vya majogoo vilipigwa marufuku 1835, miaka kumi baadaye wakawa wanaonyesha kuku kwenye bustani ya wanyama ya London, halafu wakaja Cochin na Brahma, kuku wakubwa wenye asili ya Asia, mpaka Malkia Victoria kaletewa Brahma zawadi kutoka Marekani mwaka 1852. Watu walipagawa na kuku. Waliandika viwango kwa macho ya kupamba, hawakujali kuku anazaaje. Dada, mnunulie mwanao kuku wa rangi moja.

Mzee Kilindini aliandika:

Mpwani, sikukatai kwa mengi. Kiburi kipo. Lakini huyo Sussex wako mweupe ni rahisi mpaka siku ya kumwosha. Na jua la Ohio la mwezi wa saba linampaka mweupe rangi ya shaba mgongoni, ukimpa na mahindi ya njano ndiyo unamalizia. Kila rangi ina mateso yake, mwenyewe unachagua yatakayokuzoea.

Mama Faidha, mtoto kashawapenda wa mistari, mwache nao. Nunua watatu, pora mmoja na matembe wawili, kutoka kwa mfugaji mmoja na kundi moja. Ningekuwa wewe ningechukua kundi la matembe, kwa sababu ya huyo jirani yako. Utahitaji jogoo mmoja tu wa kuzalisha. Mapora wengine watakaozaliwa rangi yao haiwapeleki kokote, kwa hiyo wakifika miezi mitano Mshikaki aletewe, na nazi zake.

Kabla ya kulipa, muulize muuzaji swali moja: ndugu wa kike wa pora huyu wako wapi, niwaone. Akikuonyesha, nunua. Akianza kukuonyesha utepe aliopata, ondoka. Uliza pia karatasi ya kipimo cha damu cha pullorum, ugonjwa wa kuhara unaoua vifaranga, huku maonyesho karibu yote huitaka. Na usinunue vizimba vya bei kabla ya wakati: homa ya mafua ya ndege ilifuta maonyesho yote ya ndege katika Ohio mwaka 2015, ikafuta tena 2022, mimi nikabaki nimeosha kuku wa kumwonyesha mke wangu.

Kuosha. Siku tatu kabla, si usiku wa kuamkia, ili manyoya yarudishe mafuta yake. Ndoo tatu za maji ya vuguvugu, ya kiasi cha kumwogesha mtoto mchanga. Ya kwanza ina sabuni laini, ya pili maji matupu, ya tatu maji na kijiko cha siki ili sabuni yote itoke. Mshike mabawa yasifunguke, mzamishe taratibu hadi shingoni, kichwa kibaki nje. Dakika moja atapigana, halafu atafumba macho kama mzee kinyozini. Sugua kufuata unyoya unavyolala, kamwe usiurudishe nyuma. Miguu tumia mswaki wa zamani, halafu kijiti cha meno kutoa uchafu chini ya kila gamba. Hapo ndipo jaji alipoona kitambaa chako kilipoishia. Mkaushe ndani, mahali pa joto. Siku yenyewe, asubuhi, mafuta ya mgando kidogo kwenye upanga na miguu, kiasi cha kung'aa, si cha kudondoka. Mara ya kwanza mimi nilipaka kama napaka chapati, vumbi la pumba likaganda lote, jogoo akaonekana amevaa soksi.

Lakini kuosha kote huko hakusaidii kuku asiyezoea mkono. Kuanzia sasa, kila jioni, mtoto amtoe kizimbani kichwa kikitangulia, kiganja chini ya kifua, miguu baina ya vidole, amshike dakika tano akisoma au akiangalia katuni, amrudishe kichwa kikitangulia vilevile. Kwenye mashindano ya watoto jaji humuuliza mtoto maswali huku kuku yuko mkononi, na kuku anayetulia humfanya hata mtoto mwenye hofu aonekane bingwa.

Kuchi Damu aliandika:

Shikamoo mzee. Niko Tabora. Nimesoma yote haya nikamtazama kuchi wangu pale mlangoni. Huku kwenye Nane Nane watu wanauliza kuku ana kilo ngapi na dawa gani ya mdondo. Hakuna anayepuliza manyoya. Hivi kuchi angewekwa kizimbani huko angehukumiwa kwa lipi? Na kishingo je, na kidimu mwenye manyoya yaliyosokoteka?

Mzee Kilindini aliandika:

Marahaba mwanangu. Kidimu na kishingo wana jamaa zao huku, kuku wa manyoya yaliyopinda na wa shingo tupu wapo kitabuni na wanashindana. Kuchi hayumo, lakini jaji aliyezoea Malay au Shamo, kuku wa kupigana wa Asia, angejua aanzie wapi: kimo, namna anavyosimama wima, bega lililochomoza, mfupa wa mguu, jicho kali chini ya paji. Rangi angeiangalia mwisho kabisa. Wewe umesimama hapo mlangoni, nitajie: kuchi wawili wakipita, unajuaje yupi ni kuchi kweli na yupi kachanganywa? Andika hapa vitu vitano. Nauliza kwa dhati, sijamshika kuchi tangu kwa babu yangu.

Kuchi Damu aliandika:

Cha kwanza shingo. Ndefu, na akiitwa anageuza kichwa peke yake, mwili haugeuki. Cha pili mkia, mfupi na unaelekea chini. Vya tatu na kuendelea nitaandika kesho, chaji inaisha.

Mama Faidha aliandika:

Ahsanteni wote. Nimepata mfugaji saa mbili kutoka hapa, nimemuuliza lile swali la ndugu wa kike, akanyamaza kidogo kisha akasema "nani kakufundisha?" Tunaenda Jumamosi.

Mshikaki, jogoo haliwi. Mwanangu keshampa jina, anaitwa Jino. Na jirani, yule wa kulalamika, kaja leo kuuliza kwa nini hakuwika asubuhi. Tulikuwa tumemfungia bafuni anakauka.